Si Wetu Hao

Fundi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hushona sare za shule, na ulimi wake ni mkali kuliko sindano zake. Mzazi akitaka gauni limkae mtoto sawasawa, humjibu, "Unamvalisha mtoto au sanamu? Mtoto hukua, mama." Kisha huacha upindo mpana chini, ili mwakani ushushwe.

Mchana wateja hucheka naye. Jioni, cherehani ikinyamaza, nyumba yake hupoa mpaka mimi wa upande wa pili naona haya kuwasha redio. Mumewe alitangulia mbele ya haki zamani. Mwanawe wa pekee alikwenda nchi ya mbali kutafuta maisha, akaanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilijenga. Mwenzake wa kazini alisimulia kwamba mama mmoja mfagiaji wa barabara, asiyemjua hata kwa jina, alikaa vumbini akampakata mpaka akakata roho, akamfumba macho, akamlilia. Kaburi lenyewe Fundi hajaliona.

Kwa hiyo mdogo wake alipomwambia, "Dada, hamia kwangu, chumba kipo na watoto wapo," Fundi alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema. Alifunga virago huku anaimba. Nilimtania kwamba amenichoka.

"Wewe hata kukoroma hukoromi," alinijibu. "Nitajuaje kama kuna mtu?"

Siku ya kuhama pikapu ilisimama mlangoni, cherehani ikapakiwa. Ndani ilibaki televisheni, bado inasema. Vita vya huko mbali. Bomu limeangukia shule. Watoto walikuwa wamelazwa kando ya ukuta, wamefunikwa mablanketi. Blanketi moja halikutosha, gauni likatokeza. Fundi alisogea akagusa kioo kwa kidole.

"Ona alama hii. Upindo umeshushwa juzijuzi tu. Mama yake alikuwa anamwona anavyorefuka."

Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Mdogo wake si mtu mbaya, nisimsingizie. Alizima televisheni, akamshika bega. "Dada, haya yaache hapa hapa. Kwangu habari hizi hatuzitazami, na vilio sivitaki mbele ya wanangu. Yetu yanatutosha. Si wetu hao."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami siku ile nilikuwa upande wa mdogo mtu. Kilio cha Fundi kingemfufua nani? Nilitaka apande gari aende akatunzwe.

Fundi alijifuta uso. "Hata mwanangu hakuwa wa yule mama mfagiaji."

"Yule alikuwa pale pale, dada. Wewe uko huku. Machozi yako yatawafikia vipi?"

"Hayawafikii, najua. Lakini nikishazoea kusema si wangu, siku nitakayokuwa pale pale nitapita zangu. Roho haiwi ngumu kwa siku moja, mdogo wangu. Huanza hivi hivi."

"Basi kwangu utanyamaza?"

Fundi aliitazama pikapu. Nilimwona anavyotaka kusema ndiyo. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Kisha akamwomba dereva ashushe cherehani.

Mdogo wake aliondoka bila kuaga, na Jumapili, siku yake ya kuja, hakutokea. Nilipiga hodi. Fundi aliruka kufungua, akaniona ni mimi, uso ukamshuka. Nyuma yake televisheni ilikuwa ikionyesha vita vile vile, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikajitia kumsifu, nikamwambia ana moyo wa ajabu, mwingine angeshakwenda zake.

"Niondolee sifa zako," alisema kwa hasira. "Unadhani sikutaka kwenda? Nilitaka mno kulala kwenye nyumba yenye watu."