Kofia Pana, Majani ya Mlonge na Macho ya Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa kumgusa mgonjwa. Alikuwa mzee wa Tungue, ameketi kwenye benchi la sentro ya afya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na katikati ya jicho lake la kulia palikuwa na weupe kama tui lililoganda. Tekniko Mkuu wa Macho, mtaalamu aliyekuwa mkuu wangu, alinipa tochi akaniambia nimfungue kope. Mwanga ukawa unacheza ukutani, haufiki jichoni.

"Unaogopa nini, infermeira?" akaniuliza, akiniita muuguzi kwa Kireno.

"Naogopa nitamuumiza."

"Vizuri. Asiyeogopa jicho la mwenzake simtaki chumbani mwangu."

Akanielekeza taratibu. Nyuma ya mboni, kile kitundu cheusi kinachopitisha mwanga, kuna lenzi, kitu kidogo na angavu. Lenzi ikiingiwa na ukungu, mtu huona kama anayetazama kupitia mvuke wa chungu. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Hauumi wala hauwashi, ndiyo maana watu huuacha hadi ukaiva. Na hakuna tone wala jani linaloweza kuusafisha. Daktari hutoa lenzi iliyoharibika, akaweka nyingine ya kutengenezwa. Kazi yetu sisi wa chini ilikuwa kuwagundua watu mapema, kuwaandikisha kwa upasuaji, na kuwafundisha wale ambao bado wanaona jinsi ya kuuchelewesha.

Tulipima kwa ubao wenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku. Mgonjwa alisimama umbali wa mita sita akaonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Hata asiyesoma aliweza. Akishindwa, tulimsogelea ahesabu vidole vyetu. Akishindwa tena, tulipunga mkono mbele ya uso wake. Mwisho ilibaki tochi: unaona mwanga au huoni? Ninyi mnaoanza kazi, msisome maneno hayo kwenye daftari kama maneno tu. Ukiandika "anahesabu vidole kwa mita moja", ujue umeandika habari za mtu asiyeweza kumwona nyoka kizingitini mwake.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Quionga, na huko ndiko nilikokutana na Bi Somoe. Alikuwa mjane, amenizidi umri kama miaka kumi, anafanya kazi kwenye majaruba ya chumvi. Aliyewahi kusimama jarubani saa sita mchana anajua: jua linakupiga juu, na weupe wa chumvi unakupiga tena kutoka chini. Wanawake walipaka msiro usoni kulinda ngozi, lakini macho yalibaki wazi. Bi Somoe pia alikuwa na ugoro chini ya mdomo tangu ujana wake.

Alikuja mwenyewe kwenye darasa langu la kwanza, akakaa mbele. Mama yake alikuwa amekufa kipofu.

"Mdogo wangu," aliniambia baada ya wengine kuondoka, "mimi siogopi kufa. Naogopa kukaa miaka kumi barazani nikisubiri mtu anipeleke chooni. Niambie la kufanya."

Nikamwambia. Avae kofia pana ya ukindu kila anapokwenda jarubani, na miwani ya jua akiipata. Aache ugoro, asikae na wavuta sigara. Ale majani ya kijani, kisamvu, mlonge, majani ya maboga, na matunda ya msimu, mapapai na machungwa. Apime sukari, kwa sababu kisukari huharakisha ukungu. Asinunue dawa ya matone sokoni bila kuandikiwa, maana baadhi yake, yakitumiwa muda mrefu, yenyewe huleta mtoto wa jicho.

Hayo yote yalikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa katika neno la mwisho.

Tekniko Mkuu alikuwa amenionya kabla sijaondoka Palma: "Usimwambie mtu kwamba hatapata. Umri peke yake huleta ukungu. Mwambie huenda ukachelewa." Lakini direktor wetu mpya wa afya wilayani alipotutembelea Quionga, alisikiliza somo langu akiwa amekunja uso.

"Infermeira, watu hawafuati 'huenda'," akasema. "Wape neno moja wanaloweza kulishika."

Mimi nilikuwa kijana na nilitaka kusifiwa. Tangu siku hiyo nikawa namaliza somo hivi: "Fuateni haya, na mtoto wa jicho hatawapata." Watu walipenda. Bi Somoe alilipenda kuliko wote. Aliacha ugoro, akaumwa kichwa wiki nzima na kugombana na kila mtu, na hakuugusa tena. Akapanda mlonge nyuma ya nyumba. Akawasuka wenzake kofia.

Nilipelekwa Olumbi, nikakaa huko miaka mingi, kisha nikarudishwa Quionga uzee ukinikaribia. Nilimkuta Bi Somoe mlangoni kwake akichambua mboga. Nikamsalimia kwa kichwa tu, kwa utani, nikingoja acheke. Hakujibu. Alikuwa akinitazama moja kwa moja na hakuniona.

Nikamwomba aje kituoni. Jicho la kushoto lilihesabu vidole kwa mita moja. La kulia liliona mkono unapungwa, basi. Nalo lilikuwa jekundu, na kioo chake cha mbele, ngozi angavu inayofunika mboni, kilikuwa na kidonda.

"Umetia nini hapa?"

"Maji ya mlonge na asali. Kidogo tu. Nilivyoona vumbi linazidi nikasema nilisaidie jicho."

"Bi Somoe, hili si vumbi. Ni mtoto wa jicho. Unahitaji kupasuliwa."

Akacheka kidogo. "Haiwezekani, mdogo wangu. Wewe mwenyewe uliniambia nikifuata hatanipata. Nami sijakosa hata siku moja."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Chumba kilikuwa kitupu, mlango umefungwa. Ilibidi niseme: nilikudanganya, kofia na majani hupunguza hatari, hayaifuti. Niliogopa uso wake. Nikamtibu kidonda, nikamkataza kutia kitu chochote jichoni, nikasema, "Basi tutaona madaktari wa upasuaji wakija safari ijayo."

Safari ijayo haikuja. Vita ilikuwa imeanza kusini mwetu, barabara zikafungwa, na kila wiki tulisikia kijiji kingine kimechomwa na waasi. Tukawa tunalala na viatu miguuni. Mlio wa pikipiki ulitosha kunyamazisha soko zima. Mimi nilikuwa na hofu mbili: ya vita, na ya siku Bi Somoe atakapojua nilimdanganya; hiyo ya pili sikuweza kumwambia mtu. Nilichokiona katika jicho lile sikukisahau hata siku moja.

Siku yenyewe ilifika asubuhi, jua limeshapanda. Tulisikia risasi upande wa barabara, kisha moshi, kisha watu wakikimbia bila kupiga kelele. Huo ukimya ndio ulionitisha zaidi. Niliacha daftari mezani nikatoka. Nilikuwa nimeshafika kwenye minazi nilipomkumbuka Bi Somoe. Nasema kweli: nilisimama, na sehemu kubwa yangu ilitaka kuendelea. Kisha nikarudi.

Alikuwa amesimama katikati ya ua wake, mikono mbele, anageuka huku na huku.

"Nani huyo?" akauliza kwa sauti iliyokatika.

"Mimi Zuhura. Nishike bega."

Tulipita mashamba ya mihogo. Mtu mwenye ukungu uliokomaa huona vibaya zaidi kwenye mwanga mkali, kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya lenzi. Hilo nililifundisha miaka yote, na sikuwahi kulifikiria kama jambo linaloweza kumuua mtu. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo alivyozidi kupotea. Alijikwaa kwenye matuta, akaanguka, akainuka bila kulia. Risasi zikisogea alikuwa anauliza tu, "Wapo wapi? Wapo nyuma au mbele?" Sikujua. Nilimwambia nyuma.

Tulijificha kwenye mikoko, maji yakiwa yamekupwa, tope hadi magotini. Hapo, kwa kunong'ona, nilimwambia yote: nilichoonywa, nilichoacha kusema ili darasa lipendeze, na kwamba hata siku ile kituoni nilijua nikanyamaza.

Alikaza mkono begani mwangu.

"Ungeniambia," akasema, "ningekwenda kupasuliwa nikiwa na hofu. Sasa nina hofu hiyohiyo, na sioni." Akashusha pumzi. "Usiniondolee bega lako."

Wavuvi walituvusha Ruvuma siku ya pili. Kaka yake alikuwa na nyumba ng'ambo, upande wa Tanzania, akatupokea. Miezi ilipita kabla ya kupata nafasi katika hospitali ya mkoa ya huko. Jicho la kushoto walilipasua kwa muda usiozidi wa kupika chai, bila kumlaza usingizi, na kesho yake bandeji ilipoondolewa alinitazama, akasema, "Kumbe umezeeka, Zuhura." Jicho la kulia halikurudi. Kovu la kile kidonda lilikuwa limefunika kioo cha mbele, na daktari akasema kubadilisha lenzi kusingesaidia kitu. Bi Somoe hajanilaumu kwa maneno. Lakini anapomimina chai humimina pembeni ya kikombe, na mimi huwa naona.

Sasa nimestaafu. Wahamasishaji vijana wanaopita kambini kwa wakimbizi na vijijini hunijia kuuliza somo lile. Nawapa lote. Kofia pana, kuacha tumbaku, majani na matunda, kupima sukari: fundisheni, ni kazi nzuri, na wengi wataona kwa miaka zaidi kwa sababu yenu. Lakini mseme katika pumzi ileile kwamba anayefuata yote anaweza bado kupata, kwamba si kosa lake, na kwamba akianza kuona ukungu aje upesi, asitie chochote jichoni. Darasa litapoa. Liacheni lipoe.

Mimi mwenyewe sikuwahi kugusa tumbaku, na kofia sikuivua. Mwezi uliopita, baada ya sala ya alfajiri, nilifunika jicho moja nikatazama kalenda ukutani, kama ninavyofanya kila siku. Tarehe zilikuwa na mvuke. Nikapangusa jicho, mvuke ukabaki. Nikakaa kitandani mpaka jua likachomoza, hofu ikiwa kubwa kuliko ya siku ile ya tochi. Nimejiandikisha kupasuliwa. Wamenipa Jumatatu ijayo, na naogopa, na nitakwenda.