Nusu ya Remigius

Hilary wa Balbina na pacha wake Remigius walizaliwa Ifakara mwaka ambao mpunga ulinukia hadi treni ikapunguza mwendo yenyewe ipate kuvuta harufu. Anayebisha akamuulize dereva, kama bado yu hai. Mama yao aligawa kila kitu katikati: muhogo, mkeka, hata homa. Mmoja akiugua, wote wawili walinyweshwa dawa. Remigius alipochukuliwa na surua wakiwa na miaka tisa, Hilary hakuacha mazoea. Alikula nusu ya sahani, nusu akaiacha.

Mwaka 1998 alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini. Mavuno yalipofika watu wakahamia mashambani, mama yake akiwemo, mji ukabaki na kuku na yeye. Mwalimu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amemwahidi nafasi ya kusoma, mradi aoneshe jinsi nyuzi mbili za kazi, yaani misururu miwili ya maagizo, zinazokwenda pamoja ndani ya prosesa moja, ubongo wa kompyuta, zitakavyotumia kashe moja bila kucheleweshana. Kashe ni kumbukumbu ndogo iliyo jirani na prosesa, kama kichanja cha juu ya mafiga: kisichopo pale hufuatwa ghalani, na ghala liko mbali. Majibu yalitakiwa yaondoke na treni ya Alhamisi.

Hilary akaandika programu ya kuigiza prosesa hiyo. Kashe akaigawa nusu kwa nusu; angefanyaje vingine? Jumatatu ikagoma, Jumanne ikagoma. Uzi wa kwanza ulimaliza kazi mapema, nusu yake ikakaa bure, wa pili ukabaki kukimbilia ghalani kama mwenye tumbo la kuhara.

Jumatano mchana shangazi yake, Katarina, alitoka shamba kufuata chumvi, akamkuta anakula peke yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hilary baba, panya wa nyumba hii wamenona kuliko wewe! Hiyo nusu ya nani?"

"Unajua."

"Najua. Mwenzio alishamaliza, baba. Wewe bado una njaa."

Hilary alirudi ofisini, akakaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe. Mwishowe akaufuta mstari wa kugawa nusu, akaandika mwingine: uzi uliomaliza uachie nafasi, uliobaki uichukue yote. Aliuandika kama anayefukia kaburi.

Safari za ghalani zikapungua mno.

"Imekubali!" alipiga kelele. Ofisi nzima hapakuwa na wa kuitikia, ila mlinzi, mzee Nkwabi, aliyechungulia dirishani.

"Nini kimekubali?"

Hilary akamweleza habari za nyuzi mbili na nafasi moja.

"Huyo wa kwanza," Nkwabi akauliza, "alimaliza mwenyewe, au ulimfukuza?"

"Alimaliza mwenyewe, mzee."

"Basi hukumdhulumu." Akaenda zake kufunga geti.

Printa ikakwaruza karatasi moja moja, Hilary akizipokea huku machozi yanamdondoka. Alhamisi akazipeleka stesheni mwenyewe, kwa miguu, bila wa kumsindikiza.