Uzito wa Mkono Wangu

Wiki ya kwanza ya kazi yangu ya ualimu sikuandika hata herufi moja ubaoni. Bega la kulia liliniganda siku tatu kabla ya skuli kufunguliwa, na mkono haukupanda zaidi ya kifua. Sikutaka mtu ajue, kwa hiyo niliwasomesha watoto kwa imla. Jumatano mwalimu mkuu alipita dirishani, akautazama ubao, kisha akanambia kwa upole kwamba Jumatatu atakuja kukaa nyuma ya darasa langu, na akiukuta ubao mtupu tena ataiandikia ofisi imletee mwalimu mwingine. Ule upole ndio ulionitisha. Mwenye hasira huenda akasahau.

Mama alinigundua kwenye chakula, maana nilikuwa nauinamia mkono badala ya kuupandisha mdomoni. Alkhamisi alasiri akanipeleka Jang'ombe kwa mchuaji, mzee aliyekuwa hamali bandarini. Mahamali walikuwa wakichuana viungo wenyewe kwa wenyewe baada ya kazi, na kila mmoja alimtaka yeye. Alipoacha kubeba magunia, akabaki na kuchua.

Nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeandika saa ambazo bega liliuma, upande niliolalia, na sababu nne nilizozidhania, ya nne ikiwa ni kwamba labda kazi yenyewe siistahiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndo nini hicho?"

"Nimeyaandika maumivu yangu, nisije nikasahau kukueleza."

"Weka chini, mwalimu. Daftari halichuliwi."

Mama, aliyekaa karibu na mlango, alijifunika uso kwa buibui lake akacheka.

Mzee alinilaza kifudifudi mkekani. Mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu yalikuwa yakipata moto kwenye kibakuli juu ya seredani ya makaa. Alijipaka viganjani, akapiga bismillahi, akaanza kiunoni, upande wa kushoto.

"Bega ni la kulia, mzee."

"Nnajua. Mtoto akilia, si watafuta kwanza nani kamliza?"

Akapanda taratibu kwa dole gumba kando ya uti wa mgongo. Kila alipokuta pagumu alibonyeza, akatulia hapo hapo mpaka pakalainika. Mimi nilidhani kuchua ni kusugua kwa nguvu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kungoja. Shingo ilipolegea ndipo alipolifikia bega. Akanigeuza chali, akaushika mkono wangu kwenye kiwiko na kifundo, akauinua.

"Nipe mkono."

"Si huo umeushika, mzee?"

"Nimeushika, lakini hujanipa."

Ghafla akaiondoa mikono yake. Mkono wangu ukabaki hewani peke yake, kama wa mtu anayesimamisha gari. Mama akacheka tena, safari hii bila ya kujifunika.

Niliona haya, nikajaribu kueleza. Tumelelewa kwamba mzee habebi kitu mbele ya kijana. Kikapu chake unakipokea kabla hamjamaliza kuamkiana. Sasa mzee alikuwa anabeba mkono wangu mwenyewe, na ule mkono ulikuwa ukijiinua kumpunguzia kabla sijauambia.

"Heshima ushanipa mlangoni," alisema. "Mie nimebeba magunia ya karafuu mpaka melini. Mkono wa mwalimu utanishinda?"

Ijumaa baada ya sala nilirudi, nikashindwa vile vile. Nilikaza akili nisiuinue, na mkono nao ukakaza.

Jumamosi hakunambia nimpe kitu. Aliniuliza Jumatatu nitasomesha nini. Nikamwambia hesabu za kugawanya, zile zenye baki.

"Baki ndo nini?"

"Maembe saba, watoto watatu. Kila mmoja anapata mawili, moja linabaki."

"Analila nani?"

"Halili mtu, mzee. Ni baki."

"Litaoza hilo."

"Haliozi! Ni hesabu tu!"

"Watoto watatu na embe liko pale, na hapana anayelila? Watoto wa wapi hao?"

Nilikuwa nimeshapandisha sauti, nimesahau kabisa nazungumza na nani, nilipouona mkono wangu. Ulikuwa juu ya kichwa, umepita sikio, umelala kwenye kiganja chake. Bega liliuma, lakini mkono ulikuwa kule.

"Nshachoka mie," mzee akasema. "Chukua mkono wako."

Jumatatu mwalimu mkuu aliketi nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nilianza na tarehe, juu kabisa ya ubao, kwa herufi zilizopinda. Kwenye mstari wa pili bega lilinishika, nikashusha mkono kidogo, kisha nikaendelea mpaka hesabu ya kwanza ikakamilika. Nilisikia kiti kikisogezwa, na moyo wangu ukanambia kwamba barua keshaianza.

"Andika kwa herufi kubwa zaidi," alisema huku akitoka. "Hawa wa nyuma hawaoni."

Nikafuta ubao wote, nikaanza upya kutoka juu.