Miezi Niliyoipunguza

Mwaka ule magauni yangu yote yalikuwa na zipu mgongoni. Ndio uliokuwa mtindo wetu walimu wa kike, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Garissa, Mtaita niliyepelekwa huko kwa barua ya serikali. Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kisomali ambaye wapangaji wote tulimwita habaryar, yaani mama mdogo. Siku moja alinikuta uani nikianua nguo, akaivuta ile zipu na kucheka.

"Mwalimu, mtoto atanyonya wabi? Mgongoni?"

"Bado mapema, habaryar."

"Mapema nini! Nenda kwa fundi akushonee dirac."

Dirac ni gauni lao pana na jepesi. Mama huingiza mtoto ubavuni akanyonya, na mtu asione kitu. Ni vazi la akili sana, na nililitamani. Sikwenda kwa fundi.

Niseme ukweli tangu sasa: nilikuwa naogopa. Miaka miwili kabla ya hapo, nikiwa kwetu, nilibeba mimba yangu ya kwanza na nikajitayarisha kama mjinga. Nilinunua fulana saba, kofia mbili za sufi, na shali nikaifuma kwa mikono yangu. Mtoto akazaliwa kimya. Nilirudi nyumbani na mfuko uleule, umejaa vilevile, na shangazi mmoja akaninong'oneza msibani, "Nani alikutuma umnunulie nguo mtu ambaye hajafika?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimba ya pili iliponikuta Garissa, nilikata shauri kwamba safari hii hakuna atakayemngoja mtoto huyu. Sitanunua hata kitambaa, na mimi mwenyewe nitamngoja kimyakimya, nikijifanya simngoji.

Lakini nendeni Garissa mkajaribu kubeba mimba ya siri! Habaryar alinikalisha jikoni kwake akaniuliza ina miezi mingapi. Alikuwa na sababu. Mimba ikifika mwezi wa tisa, wanawake wa kwao hukusanyika, wakamweka mwenye mimba katikati, wakamwombea dua na kummiminia mafuta kichwani, kisha wakala na kunywa chai. Huliita jambo hilo madaxshub. Alishachagua hata mbuzi.

Karamu! Wanawake ishirini wakimtaja mtoto wangu kwa sauti, kabla hajavuta pumzi! Mungu apishe mbali.

"Mitano," nikasema. Ilikuwa saba.

"Mitano?" Akalitazama tumbo langu kwa muda. "Basi umebeba ndama wa ngamia."

Nikacheka naye, na uongo ukawa umeshaingia nyumbani. Nikalazimika kuupeleka na kliniki, kwa sababu mmoja wa wahudumu pale alikuwa jamaa yake. Kwa hiyo kadi yangu nayo ikadanganya. Mwalimu mkuu alitaka tarehe ya likizo ya uzazi, apate kumtafuta wa kunishikia darasa. Nikamwambia nitaleta fomu. Fomu ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, tupu kabisa. Mwalimu mwenzangu akaniuliza nani atamlea mtoto ile miezi miwili ya likizo ikiisha. Wasichana wa kwetu waliogopa kuja, maana barabara ilikuwa na majambazi na mabasi yalikwenda kwa kusindikizwa na askari. Yaya wa pale mjini naye angekula nusu ya mshahara wangu. Nikamjibu kwamba nitafikiria. Sikufikiria. Hata mume wangu, karani huko Mombasa, nilimwandikia kwamba niko salama, nikaiacha tarehe.

Kila asubuhi nililala chali, sitikisiki, nikimsubiri mtoto apige teke. Asipopiga, nilikunywa kikombe cha maji ya sukari na kusubiri tena. Akipiga, ndipo niliponawa uso. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yangu.

Siku moja habaryar akaniaga. Alikuwa anakwenda Habaswein kwa kaka yake, mfugaji, kuniletea samli. Mzazi wa kwao hukaa ndani siku arobaini, akila vizuri na kufukizwa ubani, naye alitaka samli ya ng'ombe wao wenyewe, si ya dukani.

"Siku nne tu," alisema. "Miezi yako bado miwili, hakuna haraka."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Kisha nikaufunga, nikamtakia safari njema.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikiwa mbele ya darasa na jedwali la kuzidisha kwa saba, maji yakanishuka miguuni. Nikamtuma kiranja amwite mwalimu mwenzangu, naye akanikokota hadi kituo kidogo cha kujifungulia karibu na soko, akarudi mbio, maana sasa alikuwa na madarasa mawili.

Uchungu siusimulii, waliozaa wanaujua. Nasimulia kimya. Mtoto alipotoka kulikuwa na kimya, nami nikakitambua. Nikasema moyoni, ni kile kile, kimenifuata mpaka hapa. Halafu akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mvulana," muuguzi akasema. "Leta nguo zake."

"Sina."

"Leso ya kumfunga?"

"Sina."

"Beseni? Pamba? Sabuni?"

Nikatikisa kichwa. Akaichukua kadi yangu mkobani, akaisoma, akamtazama mtoto, akaisoma tena.

"Hapa wamesema miezi saba. Wa miezi saba ana mashavu haya?" Akaja karibu. "Mama, mume wako yuko wapi? Ndugu yako nani hapa?"

Nilijibu ovyo. Akamtuma mtu shuleni akaulize. Jibu likarudi: tumbo waliliona, lakini hakuna fomu ya likizo iliyopelekwa. Hapo uso wake ukabadilika, na nikaelewa anachowaza kabla hajakisema.

"Nimewaona wanaokuja mikono mitupu namna hii. Wanazaa, wanaomba kwenda chooni, hawarudi. Mtoto atakaa chumbani kwangu. Atakuja kwako kunyonya tu, nikiwa nimesimama. Na hatoki hapa mpaka aje mtu wako."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha kila kitu, nikazaa, na kila nilichokificha kikasimama kunishuhudia kwamba simtaki mwanangu. Nilijaribu kumweleza. Nililia tu, na yeye aliwahi kuona wengi wanaolia. Kutwa nzima nilimsikia mtoto upande wa pili wa ukuta. Akinyamaza, ndipo nilipoogopa zaidi. Niligonga ukuta mara tatu kuuliza kama bado anapumua, na mara ya tatu muuguzi akanifokea.

Habaryar alifika kesho yake adhuhuri, vumbi la barabara bado usoni, kopo la samli kwapani. Majirani walikuwa wamempa habari alipokuwa akishuka kwenye lori.

"Wewe ni nani yake?" muuguzi akamuuliza.

"Mama yake mdogo."

"Basi nijibu. Huyu alikuwa anamtaka mtoto wake, au hamtaki?"

Habaryar alinitazama mimi, na nikaona nilivyomwumiza. Mbuzi wake, wageni wake, safari yake yote ile juu ya magunia ya lori, na mimi kumbe nilikuwa nikimhesabia miezi ya uongo.

"Wa kwanza nilimnunulia nguo," nikamwambia. "Fulana saba. Hakuvaa hata moja."

Sikuwahi kulisema hilo Garissa kwa mtu yeyote. Akamgeukia muuguzi.

"Anamtaka," alisema. "Anamtaka mbaka amemficha mimi."

Akaketi kitandani, akafungua kopo, akachovya vidole. "Mafuta ya madaxshub iko nyumbani. Hii itatosha." Akanipaka samli utosini, akisoma dua polepole, na sikukwepa. Ilinitiririka nyuma ya sikio mpaka kwenye zipu.

Muuguzi akatoka. Aliporudi alikuwa amembeba mtoto, amefungwa shuka ya kituo, akamweka mikononi mwangu na hakusimama tena kunilinda. Nikahangaika na gauni. Zipu ilikuwa imekwama.

"Si nilikuambia?" Habaryar akaing'oa kwa nguvu moja, akanifunika kwa mtandio wake, mimi na mtoto pamoja. Mwanangu akaanza kunyonya. Nami, mbele ya watu, tena kwa sauti, nikamwambia kwamba nilikuwa nikimngoja.