Mstari Alioufuta Fundi

Tangu mkewe afariki, fundi cherehani yule alikuwa akizungumza na pasi. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda zao. Jioni alifunga duka, akakaa na redio ambayo wala haisikilizi. Binti yake wa pekee alikuwa mbali, huko kwenye kazi ya kutengeneza tovuti, na simu zake zilikuwa fupi kuliko kubipu: "Baba, hujambo? Haya, nina kikao."

Binti akamshauri ajifunze kujitengenezea ukurasa wa kupokea oda. Fundi akavaa miwani, akaanza.

"Klasi ni kama ile karatasi yako ya kukatia shati," binti alimweleza. "Haivaliwi. Objekti ndiyo shati lenyewe. Karatasi moja inatoa mashati mangapi?"

"Hata elfu, mama. Kila moja na rangi yake, na mwenyewe wake."

"Basi umeshaelewa."

Fundi akaandika klasi ya oda: jina, kipimo, rangi. Kila mteja angekuwa objekti yake. Lo, alivyokosea! Akisahau alama moja tu, seva, ile kompyuta ya mbali inayobeba ukurasa, inagoma. Kila ikigoma alipiga simu, na binti huyo huyo asiye na nafasi ya salamu, kwa ajili ya makosa ya baba alikuwa na nafasi tele. Walicheka mpaka fundi akapaliwa na chai.

Kisha ukurasa ukafanya kazi. Oda ya kwanza ikaingia safi, binti akampongeza, na simu ikanyamaza. Wiki nzima, kimya. Mzee wa watu akaanza kuyatamani makosa yake.

Jioni moja akaketi mbele ya kompyuta, akaufuta mstari unaounda objekti. Ikabaki klasi tupu, isiyoweza kupokea oda ya mtu yeyote. Akapiga simu, akichungulia mlangoni kama mwizi wa mara ya kwanza.

"Mama, ukurasa umeharibika tena. Tuutazame pamoja?"

Upande wa pili alisikia vidole vikigonga kibodi, haraka haraka.

"Tayari, baba. Nimeingia kwenye seva, nimeurudisha mstari. Na nywila nimeibadilisha, usije ukagusa tena kwa bahati mbaya. Sasa hauharibiki kabisa. Pumzika, baba yangu."

Sauti ile ilijaa upendo, hilo halina ubishi, ndiyo maana fundi akashindwa kumwambia kwamba alikuwa anamhitaji yeye, si ukurasa.

"Asante, mama," akasema.