Abiria Aliyepoza Pijo ya Baba

Kabla hujasema nadanganya, jua kwamba dada yangu ni muuguzi, hapendi hadithi za mashetani, na yeye ndiye aliyempima baba joto jioni ile. Mpaka leo hajanieleza alichokiona. Mimi naeleza kilichotokea barabarani kabla ya hapo, maana usukani niliushika mimi, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2004. Tunakaa Kwanza, mbele kidogo ya Kitale, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Nyeri kulima mahindi. Baba alikuwa na malaria iliyokataa kuisha. Alilazwa wiki nzima, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na siku ya tatu homa ikarudi kali kuliko mwanzo. Dada alikuwa akifanya kazi Bungoma. Akapiga simu, akasema nimpeleke kwake siku hiyohiyo. Gari iliyokuwepo ilikuwa Pijo 404 ya baba, aliyoinunua akiwa kijana na kuiosha kila Jumamosi kama mtu anayeogesha mtoto.

Kosa lilikuwa langu, nisiisingizie gari. Tangu baba aanze kuugua, mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha, na rejeta ilipoanza kuvuja nikawa naijaza maji ya mto, yenye matope, badala ya kuipeleka kwa fundi. Ndani ilikuwa imeziba. Nilijua injini itachemka. Nikapanga jerikani nne za maji kwenye kiti cha mbele, nikamlaza baba nyuma na blanketi, tukaondoka saa sita, jua limewaka baada ya mvua ya asubuhi.

Kiminini tulipita salama. Karibu na Kamukuywa mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Nikasimama, nikangoja, nikaongeza maji. Kilomita tatu, tena. Sasa ukingoja nusu saa kila kilomita tatu, Bungoma utafika lini? Baba alikuwa akiweweseka, lakini hata katika homa ile aliisikia injini yake. Aliniambia nisifungue kifuniko kabla haijapoa, kitanichoma uso. Nilimgusa paji la uso nikaondoa mkono haraka.

Mara ya nne maji yakaisha, na hapo hapakuwa na mto wala nyumba karibu. Nilikaa kwenye nyasi nimeshika kichwa, mvuke ukitoka kama sufuria ya githeri. Niliomba. Niamini, niliomba kwa sauti.

Nilipofungua macho, mtu alikuwa amesimama mbele ya gari. Sikumsikia akija. Mtu wa makamo, amevaa koti zito la mvua, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, katika jua lile. Aliniuliza tunaenda wapi, nikasema Bungoma. Akasema kwao ni Bumula, tukimfikisha Bungoma inatosha. Halafu akainama, akaweka kiganja juu ya rejeta. Sikiliza vizuri: rejeta iliyokuwa ikitokota. Hakushtuka wala hakuondoa mkono. Mvuke ulikatika palepale. Akafungua kifuniko kwa mkono mtupu, akachungulia, akakifunga. Maji hakuweka.

"Sasa haitachemka, ndugu yangu," alisema. "Nipe tu nafasi nikae."

Ungefanya nini? Mimi nilishukuru. Kabla sijamaliza kushukuru alikuwa amefungua mlango wa nyuma, ameketi, ameinua kichwa cha baba na kukiegemeza begani mwake, kwa upole, kama angekuwa mtoto wake wa kumzaa.

Injini iliwaka mara moja. Mshale ulishuka, ukapita katikati, ukalala chini kabisa kana kwamba gari imelala nje usiku kucha. Nikakanyaga mafuta. Tulipofika Misikhu nilimsikia baba akisema amepata nafuu, neno ambalo sikuwa nimelisikia kwake siku tatu. Nilicheka peke yangu. Nikaanza kumsimulia mgeni habari za Pijo ile.

Tulipokaribia Webuye nikasikia mlio kama wa mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo. Yalikuwa meno ya baba. Nikatazama kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na pumzi yake ilitoka ikionekana, nyeupe, saa tisa mchana, madirisha yote yakiwa wazi. Na yule mtu jasho lilikuwa likimtiririka. Alikuwa akifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Nikasimama. Nikamwomba ashuke, kwa adabu, ati baba anahitaji kujinyoosha. Hakubishana, alishuka akabaki kando ya barabara. Hata gia ya tatu sikuwa nimeingiza, mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu na mvuke ukafunika kioo cha mbele. Nyuma, baba akaanza kulia kwamba anaungua. Nilirukia upande wake. Joto la mwili wake nililisikia kabla sijamgusa. Macho yalikuwa yamegeuka. Nikapungia gari mbili zilizopita, hakuna iliyosimama.

Nilipogeuka, yule mtu alikuwa mbele yetu. Tulikuwa tumemwacha nyuma, bana, na sasa alikuwa mbele. Alingoja tu.

Baba alimwona pia. Akanishika shati. "Mwache aingie," aliniambia kwa Kikuyu. "Moto huu siuwezi."

Nikamfungulia mlango. Mimi mwenyewe.

Sikutazama kioo tena. Niliendesha nikiangalia barabara, nikisikia meno ya baba, kisha nisiyasikie, na huo ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Bungoma, kwenye njia ya kwenda Bumula, mgeni akagonga kiti changu nisimame. Alishuka koti likiwa mkononi, shati limelowa, mashavu yanang'aa kama mtu aliyetoka kupura mahindi.

"Mzee atapona," alisema kwa Kiswahili cha huko kwao. "Mimi nirikuwa na baridi siku mingi sana."

Dada alipomweka baba kipimajoto kwapani, hakikupanda. Akakikung'uta, akaleta kingine, nacho hakikupanda. Baba alikuwa amekaa macho wazi akiomba chai. Walipompima damu malaria haikuonekana, na daktari akasema mzee ana bahati. Pijo ilirudishwa Kitale ikivutwa. Fundi alipoifungua injini aliona jinsi ilivyoungua, akaniuliza tuliivuta kutoka wapi hadi Bungoma. Nikamwambia niliiendesha. Aliendelea kupangusa mikono.

Baba aliishi miaka mitatu zaidi na hakupata joto tena. Januari, jua likipasua ardhi, alikaa jikoni na masweta mawili, magoti karibu kuingia motoni. Siku moja suruali yake ilishika moto na hakusikia. Mama alihamia kitanda kingine, akilia. Kila jioni baba aliniambia niongeze kuni, nikaongeza. Hakunilaumu hata siku moja, na nilitamani anilaumu. Alipofariki, sisi tuliomwosha hatukuhisi tofauti. Mwili ulikuwa na baridi ileile tuliyoizoea.

Dada anasema bila safari ile angekufa Agosti. Labda. Nimelifikiria jambo hilo mpaka nimechoka.

Wewe unayeendesha gari ya zamani kwenye barabara ile, safisha rejeta yako na ubebe maji ya kutosha. Ikichemka, ngoja ipoe yenyewe, hata kama una mgonjwa nyuma, hata kama analia. Mtu akija akaweka mkono juu ya chuma cha moto asiungue, usimuulize anakoenda, na usimkalishe karibu na mtu unayempenda. Najua ni rahisi kusema. Ningerudishwa pale leo, baba amenishika shati, sijui kama nisingefungua mlango.