Shamba la Leta

Harufu ya mawese yanayochemka hunirudisha Kigwena, na hunirudisha nikiwa na woga. Wenzangu wakiinusa hukumbuka maharagwe, ugali wa muhogo na sikukuu za kwao. Mimi hukumbuka miti. Nyuma ya nyumba tuliyoazimwa na ndugu wa baba tuliporudi nchi yetu ya Warundi kutoka Tanzania aliishi jirani yetu, Mama Zaituni, aliyechemsha chikichi katika pipa lililokatwa katikati. Nyuma ya pipa lake kulikuwa na safu ya michikichi, na nyuma ya michikichi kulikuwa na msitu. Haukuanza kwa vichaka na kuongezeka kidogo kidogo, bali ulisimama ghafla pale, mweusi hata mchana, na upepo wa ziwa ukivuma majani yake yalinong'ona kama watu waliofichwa. Ng'ambo ya barabara lilikuwa Ziwa Tanganyika, wazi na lenye mwanga, na watoto wote wa mtaa walikimbilia huko kuoga. Mimi nilikwenda nao, ila kila nilipoibuka majini niligeuka kuangalia nyuma.

Wakati huo nilikuwa naanza kung'oka meno ya mbele. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, na Mama pia alikulia huko, maana alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa bibi. Lugha yetu ya kucheza, ya kusoma na ya kuota ndoto ilikuwa Kiswahili. Kirundi changu kilikuwa cha kusalimia wazee na cha kugombezwa. Baba alibaki nyuma avune tumbaku yake ya mwisho, akaahidi kutufuata, kwa hiyo Kigwena tulikuwa watatu tu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kunyonya. Huko tulikotoka, pori lilikuwa adui. Wazee wetu walishushwa katikati ya miombo wakapewa mapanga, na aliyefyeka ndiye aliyelima, na aliyelima ndiye mwenyewe. Sikuwahi kusikia kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipousogelea ule msitu, Mama Zaituni aliacha mwiko ndani ya pipa akanipigia kelele. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye ushungi uliojaa madoa ya mawese, na babu zake walitoka Kongo zamani za Wabelgiji. "Weye mutoto, rudi! Ile iko ishamba ya Leta. Leta hachekake na mutu!"

Sasa nieleze jambo ambalo Mrundi yeyote atalicheka. Kwa Kirundi, ishamba ni msitu. Na Leta ni dola, yaani serikali, neno walilolichukua kwenye Kifaransa cha wakoloni wakalilainisha likawa lao. Mama Zaituni aliniambia tu kwamba ule ni msitu wa serikali na nisiuchezee. Lakini masikio yangu yalikuwa ya Tabora. Nilisikia shamba, na nilisikia jina la mtu. Kwamba yupo bwana mmoja aitwaye Leta, na lile giza lote ni shamba lake.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Ni mkulima gani apandaye miti mirefu hivyo, halafu asivune? Ni mfugaji gani aachiaye nyani watembee shambani kama wengine waachiavyo kuku? Na jina lake ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu halikuwa jina, lilikuwa amri. Leta! Mtu anayeitwa hivyo ana haja gani ya kusema zaidi? Ukikutana naye umeshaambiwa anachotaka, na bibi yangu alikuwa akisema kila tulipokwenda kumwona mgonjwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Sikumwuliza Mama. Niliogopa kulitaja jina hilo ndani ya nyumba, nisije nikamwita bila kujua.

Halafu jioni moja nikamsikia Mama mwenyewe akilitaja. Walikuwa wamekaa na Mama Zaituni wakimenya muhogo, wakinong'ona kama wanavyonong'ona watu wazima wanaodhani watoto hawana masikio. Mama alisema, "Baba yangu alichukuliwa na Leta. Walikuja na gari, wakasema atarudi. Mimi nilikuwa bado sijatembea." Mama Zaituni akasema, "Pole, mama wee," na kisu chake kikasimama. Basi nikajua. Leta huchukua watu, na wale anaowachukua hawarudi. Tangu siku hiyo sikunywa maji jioni, nisilazimike kutoka nje.

Mama alikuwa amepata kazi kwa Mama Zaituni ya kuchemsha na kukamua, na ujira wake ulikuwa mawese yenyewe. Pipa lile lilikuwa na njaa ya kuni isiyoshiba. Watu wa pale walikuwa na mazoea yao na walinzi wa msitu: ukiingia mikono mitupu ukaokota vijiti vilivyokauka na kuanguka, mlinzi anageuza uso. Ukiingia na chuma, panga au shoka, umejitafutia balaa. Mama Zaituni alimweleza hayo Mama mara nyingi, na Mama aliitikia kwa kichwa. Lakini mazoea yana taabu. Mvua zilikuwa zimelowesha kila kijiti, moto ulikuwa unatoa moshi tu, na Mama alikuwa amekulia mahali ambapo mwenye panga ndiye mwenye haki. Asubuhi hiyo alilitoa panga chini ya kitanda, akalifunga ndani ya kitenge, akapita kati ya michikichi akaingia.

Nikasikia panga likigonga mti. Ko. Ko. Nilishika shati la mdogo wangu kana kwamba yeye ndiye angenisaidia. Panga liligonga tena, kisha likanyamaza. Nilisubiri lianze upya. Ndege walianza, nyani mmoja akabweka mbali, lakini panga halikuanza. Jua lilikuwa limeanza kuchoma pale mwanamke mmoja muuza dagaa alipopita barabarani, akapaza sauti bila kusimama: "Mama Espe bamemushika! Leta bamemupeleka ku zoni!"

Mama Espe alikuwa mama yangu, kwa kuwa Espe ni mimi. Zoni ni ofisi ya eneo letu, lakini hilo nalo sikulijua. Nililielewa neno moja tu. Mama Zaituni alisema "Yesu," ingawa alikuwa Mwislamu, akamfunga mdogo wangu mgongoni, akaniambia nikae nilinde moto, asitokee mbuzi akapindua pipa. Akaondoka mbio kwa kadiri ya mwili wake. Aliposhika barabara ya kuelekea kule ofisini nilishangaa, kwa maana alikuwa anakwenda siko. Leta hakukaa barabarani. Leta alikaa shambani kwake.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Msemo huo niliujua, na mimi nilikuwa mwoga wa kuzaliwa, sijawahi kujifanya vinginevyo. Lakini nilifikiri kama nilivyoweza kufikiri: babu hakurudi kwa sababu hakuna aliyepeleka kitu. Jina la mwenyewe linasema leta, na watu wakamlilia tu bila kuleta. Tulikuwa na mali moja iliyo hai, kuku jike mweusi ambaye Mama Zaituni alimpa Mama wiki tuliyofika, awe mwanzo wa nyumba. Nikamkamata, nikambana kwapani, nikapita kati ya michikichi.

Ndani kulikuwa na baridi. Sikutegemea baridi. Ardhi ilikuwa laini, maji yalikuwa yakichuruzika mahali nisipopaona, na mizizi ilikuwa imeinuka juu kama kuta za nyumba zisizoezekwa. Kulinuka majani yaliyooza na kitu kingine, cha mnyama. Nilikuwa nikilia bila sauti. Nilipofika pale ambapo jua lilikuwa halifiki kabisa, nilisimama, nikaita kwa adabu yote niliyofunzwa.

"Shikamoo, Leta! Nimeleta! Leta, nimeleta!"

Matawi yakatikisika. Kitu kikashuka kwenye mti, kizito, cha rangi ya vumbi, kikakaa mbele yangu na mikono yake juu ya magoti. Leo naweza kusema alikuwa nyani dume. Siku ile sikuona nyani. Niliona macho yaliyokaribiana chini ya paji la uso, yananiangalia mimi, halafu yanamwangalia kuku, halafu mimi tena, kama mzee anayepokea mgeni aliyechelewa. Nikanyoosha mikono yote miwili, kwa kuwa kwetu huwezi kumpa mkubwa kitu kwa mkono mmoja. Kuku akapiga kelele za kufa. Yule akampokonya, akaonyesha meno marefu kama vidole vyangu, akapotea. Mkojo ulinitoka mpaka kwenye kandambili. Ndipo nikapata sauti, nikapiga ukelele ambao Mama Zaituni alidai baadaye kuwa aliusikia barabarani.

Mlinzi alinikuta nimekumbatia mzizi. Alikuwa kijana, amevaa buti zilizomzidi na koti la mvua lililochanika bega. Aliniuliza kwa Kirundi, na alipoona sijibu, akageukia Kiswahili.

"Mutoto, uko unafanya nini huku? Nyani wangekuuma!"

"Nimemletea Leta kuku," nikasema. "Amrudishe Mama."

Alichuchumaa. Nilidhani atacheka. Alivua kofia, akajikuna. "Nani alikuambia Leta inakula kuku?" akauliza, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. Kisha akanishika mkono tukaanza kurudi, naye akipiga vichaka kwa fimbo ili nyoka watupishe.

Tulipotoka kwenye michikichi, Mama alikuwa amesimama kando ya pipa pamoja na Mama Zaituni. Walikuwa wamemwachia. Nilitaka kumkimbilia, lakini nilichoona usoni mwake kilinizuia. Sijawahi kuona woga wa namna ile kwa mtu mzima, na nimeishi katika nchi ambayo watu wake wameogopa mengi. Hakuona mtoto aliyepatikana. Aliona mkono wangu ndani ya mkono wa mtu yule yule aliyemkamata asubuhi. Akaanguka magoti kwenye matope ya mawese, akanyoosha viganja.

"Ni mimi niliyekata," alisema. "Ni mimi, baba. Mtoto hajui kitu. Nichukueni mimi."

"Mama, inuka," yule kijana alisema. "Nimemurudisha tu. Mama, inuka, tafadhali." Alisema "tafadhali" mara nyingi, na kila alipomsogelea ili amwinue, Mama alirudi nyuma kwa magoti. Mwishowe aliniachia mkono, akakaa kando kabisa, akaangalia ziwa. Mama Zaituni ndiye aliyemwinua Mama, akamkalisha juu ya kinu. Mlinzi aliaga kwa kusema "Murabeho" huku anaangalia buti zake, akaondoka. Hakurudi kupita nyuma ya nyumba yetu kwa muda mrefu, na nadhani ni kwa huruma.

Jioni Mama alinieleza maana ya neno lile, huku akinichana nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alisema kule zoni walimkalisha kwenye benchi, wakachukua panga, na bwana mmoja mwenye mafua akamgombeza huku akipenga kamasi, akamwambia aende. Basi. Hakuna aliyempiga. "Lakini nilipokaa pale," alisema, "kila gari lilipopita nilisema, ndilo hilo." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikacheka kidogo kuhusu mafua ya Leta, naye akacheka, halafu akaanza kulia, nami nikamshika goti. Kuhusu kuku hakuniuliza kamwe. Mimi kwa upande wangu nilijua ninachojua: nilileta, na Mama alirudi. Maelezo ya Kirundi hayakunitoa imani hiyo mpaka nilipokuwa msichana mkubwa.

Sasa naishi Rumonge mjini, nashona nguo sokoni, na binti yangu anasema Kirundi kama maji. Kwake Leta ni neno la shuleni tu, lina herufi kubwa mwanzoni. Juzijuzi tulimpeleka Mama kusalimia watu wa Kigwena, tukashuka kwenye pikipiki pale pale. Msitu upo, ila umejikunyata. Michikichi imeusogelea kutoka kila upande, na mahali niliposimama na kuku wangu jua linafika mpaka chini. Niliuliza vijana waliokuwa wakipakia mihogo kwenye baiskeli ni nani anayekata. Mmoja akainua mabega. "Si iko ya Leta?" akasema, wenzake wakacheka. Neno lile lile lililonifanya nijikojolee, siku hizi watu hulitumia wakitaka kusema kitu hakina mwenyewe.

Tukiwa bado pale, tukasikia panga. Ko. Ko. Mchana mweupe, wala aliyekata hakujificha. Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alimkamata binti yangu mkono akamvuta kwake kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Twende," alinong'ona, "twende kabla hawajaja." Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilimwambia atangulie. Mimi nilibaki kando ya msitu nikisikiliza lile panga, nikimngoja mlinzi atokee amzuie mkataji, na hakutokea.